Bora Kuliko Hakuna, kwa Kifaransa

Kifaransa changu ni neno moja tu. Nimemwomba mtu anayejua herufi zao aniwekee hapa: C'est mieux que rien. Maana yake, ni bora kuliko hakuna. Herufi zangu mimi ni zile za chuoni, na chuoni niliishia juzuu ya Amma, mwalimu akasema inamtosha mtoto wa suria. Zikiyumba, msomaji avumilie. Mimi nimevumilia makubwa zaidi.

Watu husema mwenye adabu hawataji waliomkosea. Adabu yangu iliungua pamoja na baraza yangu, siku serikali ilipoingia Kasongo na kuwafukuza Waarabu. Majina sitayaandika, maana wana watoto. Lakini nikiandika bwana wa posti, yule mzungu wa kituo cha serikali, nikiandika nyampara, nikiandika mkalimani, hakuna mtu wa Kasongo atakayeuliza ni nani.

Mume wangu alikufa katika vita ile, si kwa risasi. Ndui ilimwahi. Nyumba ikabaki na mimi, na baada ya moto haikubaki. Nikapewa kibanda cha majani nyuma ya posti, hakina mlango, na ukuta mmoja mtu alikusudia kuujenga akasahau. Bwana wa posti akaja kukitazama, mikono nyuma kama mtu anayetazama mbuzi wa kununua, akasema neno lake. Mkalimani akatutafsiria kwamba bwana anasema, ni bora kuliko hakuna.

Mjane wa jirani alipewa kipande cha amerikani cha kujisitiri, kikisitiri mbele nyuma iko wazi. Ni bora kuliko hakuna. Wapagazi waliorudi kutoka mtoni na mabega yaliyochunika waligawiwa chumvi, kila mtu kidogo kwenye jani. Ni bora kuliko hakuna. Nikaanza kulingoja lile neno kabla hajalisema. Kinywa chake kilikuwa kikijikunja kidogo upande, kama mtu anayetoa sadaka na anataka malaika waone.

Yule mkalimani alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikula kwangu tangu hajaota ndevu. Alijifunza Kifaransa kwa kumfulia mzungu mmoja, na mara akawa na viatu. Dada yake mkubwa, ambaye kwangu ni wifi, alikuwa mjane kama mimi, tukakaa naye katika kile kibanda chenye kuta pungufu. Wifi wangu ana ulimi. Akikaa kimya ujue anapepeta.

Siku moja alikuwa anapepeta kweli, nikamwambia lile neno la mzungu linaniwasha na sijui linaniwasha wapi. Hakuacha ungo wake.

"Sisi tunasema heri hiki kuliko kile," akasema. "Heri muhogo kuliko njaa. Heri mume mukorofi kuliko mume mufu, ingawa wako alijitahidi kuwa vyote viwili, Mungu amurehemu. Iko kitu huku na kitu kule, mutu anaweza kubisha. Lakini huyu muzungu anapima na hakuna. Nani atashindana na hakuna? Hata upele iko bora kuliko hakuna."

Nilicheka, lakini tangu siku ile nikawa natazama vizuri. Nikaona kwamba neno lile halisemwi na anayepokea. Husemwa na aliyeshika gunia. Na aliyeshika gunia, mara nyingi, ndiye aliyelitoa kwako jana.

Wala nisiwaonee wazungu peke yao. Mama yangu alikuwa msichana wa Kibangubangu kule Wamaza, Waarabu wetu wakamchukua pamoja na mbuzi wa baba yake. Wakampa kaniki na jina jipya, wakamwambia ana heri kuliko waliobaki kule kwenye majivu. Wao walikuwa na Kiswahili, kwa hiyo walitaja na upande wa pili. Tofauti ninayoiona mimi ni hiyo tu.

Kitu kimoja mama alikipata Kasongo akakipenda kweli, nacho ni mpunga. Aliujulia katika mashamba ya bwana wake, na mbegu aliyonipa siku ya kuolewa kwangu ilitoka mikononi mwake. Kwetu mbegu haichanganywi na chakula. Masuke mazuri hukatwa kwanza, pamoja na mabua yake, yakafungwa mashada na kutundikwa uchagani juu ya mafiga. Moshi huyafanya meusi kama kaniki ya mjane, na fukusi hawayataki. Hata njaa ikiingia nyumbani, mwanamke hashushi yale mashada. Aliyeshusha aliitwa mla mbegu, na binti zake walichelewa kuolewa. Siku ya moto mimi niliyatoa mashada kwanza, ndipo nikakumbuka magodoro.

Posti ilikuwa na askari wengi, na askari wanakula. Ikatoka amri kwamba kila nyumba ilete mpunga, na uletwe umekwisha kutwangwa, kwa sababu askari wa serikali hatwangi. Tukaleta. Haukutosha. Ndipo nyampara wa mtaa wetu akaanza kuingia majikoni. Huyu zamani aliwabebea Waarabu bunduki, sasa anaibebea serikali; bega ni lile lile. Akasimama chini ya uchaga wangu, akanyoosha fimbo yake, akauliza vile ni vitu gani. Nikamwambia ni mbegu. Akauliza kama mbegu si mpunga. Nikamwambia tena ni mbegu. Mama yake alikuwa mkulima wa Kasongo kama sisi, alijua anachokiuliza. Akasema, shusha.

Vinu vya posti vilikuwa vimepangwa mstari juani, mbele ya ghala. Nikapewa kinu, nikapewa mchi, nikatwanga mbegu ya mama yangu kwa mikono yangu. Masizi yaliingia puani. Kushoto kwangu mwanamke alikuwa analia bila sauti na mchi wake unakwenda sawasawa, maana askari alikuwa anasikiliza mchi, hakusikiliza mtu. Shemeji akapita na viatu vyake.

"Shemeji," nikamwambia, "hii mbegu unaijua. Muambie bwana wako."

"Twanga tu, shemeji. Bwana anataka muchele."

"Na mwaka kesho atakula nini?"

"Mwaka kesho hajaniuliza."

Akaendelea na safari yake. Viatu vilikuwa vikilia.

Kiangazi kikaanza kuisha. Mawingu yakaanza kukaa upande wa mtoni, na kila mwanamke akawa anatazama juu halafu anatazama uchaga wake mtupu. Aliyekosa kupanda mvua ile angekula majani, na mwisho wa majani tulikwisha kuuona kwa wengine. Ndipo bwana wa posti akatuita uwanjani, akatangaza kwamba ameamua kila nyumba ilime shamba la mpunga, kubwa kuliko la zamani. Alisema kwa furaha, kama mtu aliyegundua mpunga yeye mwenyewe.

Wanawake wakanisukuma mbele. Sikuwa na mtoto ambaye serikali ingemkamata kwa maneno yangu, ndiyo sababu. Nikasema, bwana, hatuna mbegu. Shemeji akatafsiri, na safari hii alitafsiri sawa, maana mzungu akakunja uso wa huruma, akaagiza ghala lifunguliwe. Akachota mwenyewe kwa kopo, akamimina katika ungo wa kila mmoja wetu.

Ulikuwa mchele. Mweupe, umepepetwa, mwingine bado una weusi wa masizi katika nyufa. Kazi yetu wenyewe. Mpunga ukishavuliwa ganda lake hauoti, mtoto wa Kasongo anajua hilo kabla hajajua kufunga nguo.

Nikamwambia shemeji amweleze bwana kwamba huu umekufa. Akageuka, akasema Kifaransa kirefu, kitamu, mkono kifuani. Mzungu akatabasamu. Kinywa kikajikunja upande, nikajua linakuja. C'est mieux que rien.

"Umemuambia nini?" nikamwuliza chini chini.

"Nimemuambia munashukuru."

"Tunashukuru nini?"

Akainama kama anarekebisha kiatu. "Nikisema hauoti, ataniuliza nani alitoa shauri wote utwangwe. Ni mimi nilitoa, shemeji. Sasa chukua uende."

Haya, msomaji, nimeshakwambia kwamba nitataja. Hakuwa mzungu aliyefikiri hivyo, yeye alijua mkate. Alikuwa shemeji yangu, mtoto wa wali.

Tulijua la kufanya na mchele, tungeupika. Lakini asubuhi askari wakatuongoza hadi mashambani, ili waone unapandwa. Nikaishi kuona wanawake wa Kasongo, waliolelewa na mpunga, wamejipanga mstari wanatoboa ardhi kwa vijembe na kutia wali mbichi ndani. Watoto wamekaa pembeni wanameza mate. Ajuza mmoja alikuwa akidondosha punje mbili, ya tatu anaipeleka shavuni kama ugoro. Askari akamwona, akampiga kikonzi. Akatangaza kwamba mtu asile mbegu. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kuheshimu desturi yetu.

Njiwa walikuja. Kuku wa posti wakaja nyuma yao, na baada yao sisimizi, kila mmoja na punje yake kichwani, wapagazi wadogo wasiohitaji chumvi.

Wifi akanyoosha mgongo wake. "Tumezika muchele," akasema. "Sasa tuusomee hitima ama tungoje arobaini?"

Mvua ya kwanza ilipopiga, nikajua nikikaa nimekwisha. Nikakumbuka Wamaza. Sikuwahi kufika, lakini mama alikuwa ameniachia njia nzima kichwani: upite Kabambare, uache kijito kile, ushike mlima ule. Nikamwambia wifi nakwenda kwa wajomba zangu kuomba mbegu. Akasema kama wajomba wana akili watanifukuza, halafu akanifungia muhogo wa njiani.

Niliporudi alinisimulia jinsi alivyonificha. Ndugu yake mkalimani alikuja kuuliza niko wapi, naye akajibu kwamba niko eda, sionekani na wanaume.

"Eda gani?" mkalimani akasema. "Kaka alikufa zamani."

"Eda ya mupunga," wifi akamwambia. "Wewe ndiye uliyemuua. Unataka kuja kutoa pole?"

Hakuja tena.

Mjomba wangu nilimkuta anasuka kamba mlangoni, mzee mwembamba mwenye masikio ya mama. Nikamtajia jina la mama, lile la Kibangubangu, ambalo nyumbani kwetu halikutajwa hata siku moja. Aliendelea kusuka. Alitazama nguo yangu, alitazama nilivyojitanda kichwani kama watu wa mjini, kisha akauliza kama watu wa Kasongo wamemaliza kuchukua, sasa wameanza kuomba. Nikamjibu kwamba sikutumwa. Akauliza mama yuko wapi; nikasema alikufa, akauliza vipi. Nikamweleza. Kamba ikasimama.

Mpunga alikuwa nao. Watu waliotoroka mashamba ya Waarabu walikuwa wameuleta katika pindo za nguo zao, na ulikuwa umekwisha kuzoea mabonde ya pale. Mbegu ilifika kwao kwa mama yangu, na mama mwenyewe hakurudi. Mke wa mjomba akashusha shada moja. Mjomba akasema nipande katika bonde lake, pale kwenye kijito, mkewe ataamia ndege wasiule, na habari ya kuchukua tutaisema ukishakomaa. Sikuwa na nafasi ya kubisha. Nikapanda, nikaona kijani kimetoka, nikarudi Kasongo kabla nyampara hajahesabu vichwa.

Kasongo mashamba yalikuwa yameota pia. Nyasi. Ndago na mbigili, zimestawi vizuri kwa vijembe vyetu. Miezi ikapita, wifi na mimi tukila muhogo wa kuomba na majani ya kila aina. Bwana wa posti alikuwa akipita na fimbo yake ya kutembelea, akiutazama ule ukijani kwa mbali, akiridhika. Sijui alifikiri mpunga unafananaje. Siku ya mavuno ikatangazwa, kila nyumba ilete pakacha lake uwanjani.

Wanawake walikuja na mapakacha matupu, wameyafunika, kama kwamba kufunika kunasaidia. Mimi niliona aibu kwenda mikono mitupu baada ya kupewa mbegu kwa mkono wa bwana mwenyewe. Nikang'oa nyasi za shamba langu, nikazifunga mashada mazuri kama mama alivyonifundisha, nikajaza pakacha hadi juu. Wifi aliniuliza ninakusudia nini. Nikasema nakwenda kulipa.

Foleni ikafika kwangu. Nikatua pakacha miguuni pa bwana wa posti. Akainama, akachomoa shada moja, akaligeuza. Shemeji akaanza kufungua kinywa. Sikumsubiri. Nikamtazama mzungu machoni, nikakunja mdomo wangu upande kidogo, nikasema:

"C'est mieux que rien."

Nililisema sawasawa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kisimani. Na halikuwa uongo: lilikuwa pakacha pekee lililojaa uwanja mzima.

Bwana wa posti alinitazama, kisha akacheka. Kweli alicheka, hata akajipiga paja. Akasema neno kwa shemeji, na shemeji, uso umempauka kama kisamvu kilicholala, akatafsiri kwamba bwana anasema nimetamka vizuri. Nadhani mambo yangeishia hapo kama tungekuwa wawili. Lakini askari walikuwa wanatazama, na wanawake walikuwa wameanza kufunua mapakacha yao. Kicheko kikamwisha polepole. Akaonyesha chini kwa kidole.

Nililazwa kifudifudi pale pale penye vinu. Kila kiboko kilihesabiwa kwa Kifaransa, na shemeji, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaitafsiri hesabu kwa Kiswahili, kana kwamba peke yangu nisingeelewa. Baada ya vile viboko nililijua lile neno kama ninavyolijua sasa. Maana yake ni nyepesi, mtoto anaweza kuifahamu. Kulitumia ndiyo elimu. Lazima uwe umesimama upande wa ghala.

Wifi alinipaka mawese mgongoni siku nyingi. Mara moja alianza kusema kwamba mgongo wenye alama ni bora kuliko, nikamwambia asimalize. Akacheka, na machozi yakamdondokea katika mawese.

Mpunga wa Wamaza ulikuwa haungoji mgongo wangu. Nilipoweza kujitanda bila nguo kushika vidonda, nikaondoka tena. Bonde lilikuwa limekuwa la manjano. Nikavuna na mke wa mjomba, suke moja moja, kwa kisu kidogo cha kiganjani, masuke mazuri kwanza. Tulipomaliza nikafunga mashada yangu ya mbegu, nikayapanga katika mzigo wa kuchukua Kasongo. Nilikuwa nimekwisha kuona kichwani mwangu nyumba ninazogawia, shada kwa huyu, shada kwa yule, tukapande mbali na njia ya askari.

Mjomba akaja, akaketi juu ya mzigo.

Akaniomba nigeuke. Nikageuka, nikateremsha nguo begani. Akauliza ni nani. Nikamtajia wote, bwana wa posti aliyeonyesha kidole, askari aliyepiga, shemeji aliyehesabu, nyampara aliyenishika miguu. Alisikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza ukoo wa watu.

"Kule waliuchukua huu mbegu uchagani kwako," akasema.

"Ndiyo, mujomba."

"Dada yangu walimuchukua hapa nilipokaa. Mbuzi pia. Sasa mwana wake anataka kuwapelekea tena mbegu, kwa kichwa chake mwenyewe."

Nikamwambia si wao ninaowapelekea, ni wanawake wenzangu. Akasema wanawake wenzangu wakivuna, mchi utaita, na askari wana masikio. Nilikuwa nimeusikia ule mchi.

"Mbegu itabaki Wamaza," mjomba akasema. "Anayetaka kupanda aje alime hapa, bonde iko refu. Wewe, ukipenda kurudi kwa wale wanaokuhesabia, njia unaijua. Mzigo huu uache."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Niliitazama mikono yake iliyoniamia ndege miezi yote ile. Nikafungua mzigo. Nikampa mashada moja baada ya jingine, naye akayapokea na kuyapeleka ndani.

Kasongo nilirudi mara moja tu, kumchukua wifi na kuwaambia wanawake wenzangu habari ya bonde. Wachache walikuja baadaye. Wengi walisema Wamaza ni mbali, na kule ni kwa washenzi. Wifi nilimkuta amekaa katika upande wa kibanda usio na ukuta. Nikamweleza yote, na kwamba kule hakuna posti. Akauliza kama kuna msikiti. Nikasema hakuna. Akauliza kama kuna hata mtu mmoja anayeswali. Nikasema hakuna hata mmoja.

Akainuka, akakunja mkeka wake wa kuswalia, akachukua birika lake la udhu.

"Basi tutakuwa wawili," akasema, akatangulia njiani.